Kiambishi si nemspesi

Wiki hii nimemsikia tena mwenzangu akisema: "Elementi nimeipa nemspesi, nimeweka svg: mbele yake." Alichoweka ni kiambishi awali tu, yaani herufi zinazotangulia nukta pacha.

Nemspesi katika XML, lugha ya kupanga data kwa lebo, ni anwani inayoonyesha jina la elementi (lebo pamoja na kilichomo) ni la msamiati upi. Jina kamili ni anwani hiyo pamoja na jina fupi. Kiambishi ni kifupisho cha anwani, basi. Ndivyo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, walivyoamua Januari 1999, XML yenyewe ikiwa haijatimiza mwaka.

Nadhani neno lenyewe ndilo linalotuponza. Kiambishi hutokana na kitenzi ambika, yaani kubandika kitu juu ya kingine, na katika Kiswahili kinachobandikwa kina uzito wake: ondoa m- kwenye mtoto, weka ki-, umepata kitoto, na maana imegeuka. Katika XML kiambishi hakina maana yoyote ya kwake. Andika svg:circle au picha:circle. Maadamu viambishi vyote viwili vimefungwa kwenye http://www.w3.org/2000/svg, anwani ya SVG, msamiati wa kuchora picha, elementi ni ile ile. Ila ukizidisha mkwaju (/) mmoja mwishoni mwa anwani hiyo, umeunda nemspesi nyingine kabisa, kwa sababu anwani hulinganishwa herufi kwa herufi. Hakuna anayeifungua kutazama kilichomo.

Kwenye kodi ndipo watu wanapokesha. Katika JavaScript unaita createElement("circle") ili kuunda duara, unaipachika ndani ya svg kwenye ukurasa wa HTML, duara halionekani. Ukikagua, <circle> unaiona imekaa pale pale, na r yake (nusu kipenyo) na fill yake (rangi), haina kasoro machoni. Lakini imezaliwa katika nemspesi ya HTML, na HTML haijui kuchora duara. Kuandika "svg:circle" hakusaidii, maana nukta pacha humezwa na kuwa sehemu ya jina. Tumia createElementNS, uipe anwani nzima.

Kinyume chake, ElementTree, maktaba ya Python ya kushughulikia XML, ikisoma faili ya SVG na kuihifadhi, faili hurudi na ns0: kila mahali. Watu hushtuka na kuanza kuzifuta kwa mkono. Haijaharibika, kilichobadilika ni kifupisho. Kama zinakukera, ita register_namespace kabla ya kuhifadhi.

Kwa hiyo mwenzangu akiniambia ameongeza nemspesi, humwuliza taratibu: anwani gani?