Je, wajua kwa nini zebaki huharibu figo za mtu ambaye hajaimeza?

Kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Migori na Kakamega, zebaki humwagwa ndani ya karai lenye mchanga wa mawe yaliyosagwa, kisha mtu anaukanda kwa mikono mitupu. Zebaki hunasa chembe za dhahabu, donge linakamuliwa kwa kitambaa, halafu linachomwa mpaka dhahabu ibaki peke yake. Zebaki ikiwa bado karaini, kila mtu huwaonya watoto wasiimeze. Ikishachomwa na kutoweka, watu huona hatari imepita.

Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Zebaki ya majimaji ikimezwa, karibu yote hupita tumboni na kutoka na choo. Inayoingia kwenye damu haifiki hata asilimia 0.01. Lakini mvuke wake ukivutwa kwa pumzi, takriban asilimia 80 hubaki mwilini. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na hausubiri moto: zebaki iliyoachwa kwenye kopo wazi chumbani hugeuka mvuke polepole usiku kucha. Moto huongeza kasi tu. Kwa hiyo mama anayepikia chai katika nyumba ambamo donge lilichomwa jana anaweza kuwa na zebaki mwilini bila kuwahi kuigusa. Wapo pia wanaoamini kwamba maziwa yatawasafisha baada ya kazi. Maziwa huenda tumboni. Mvuke ulikwenda mapafuni, na kutoka huko umeshaingia kwenye damu. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wanajikinga mahali pasipo na hatari kubwa na kuacha wazi mlango wenyewe.

Figo zinaingiaje? Ndani ya mwili, mvuke hubadilika kuwa zebaki yenye chaji ya umeme, na zebaki ya aina hiyo hupenda salfa kuliko kitu kingine chochote. Salfa imejaa mwilini, hasa kwenye asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo sisteini. Basi zebaki hushikana na sisteini mbili, moja kila upande.

Sasa, figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu yote hurudishwa kwenye damu na vijirija vyembamba sana. Seli za vijirija hivyo zina malango ya kuokota asidi amino zisipotelee kwenye mkojo. Fikiria bawabu wa boma anayewajua watoto wa nyumbani. Mgeni anafika jioni katikati ya watoto wawili, kila mmoja amemshika mkono. Bawabu anaziona sura anazozijua, anafungua. Mgeni akishaingia anawaachia watoto na kuwashika wenye nyumba. Ndivyo zebaki inavyofanya: sisteini mbili zilizounganishwa zenyewe kwa zenyewe ni umbo ambalo lango limezoea kulipokea, na zebaki iliyo katikati ya sisteini mbili hufanana nalo mno. Ikiwa ndani, huhamia kwenye salfa ya vimeng'enya vinavyoiendesha seli. Seli inakosa nguvu, inakufa, inabanduka. Kadiri figo inavyookota kwa bidii, ndivyo inavyojilundikia sumu.

Kuna njia ya pili, ambayo wanawake wengi wa mijini wanahitaji kuijua. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, kwa kuwa huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Hupenya ngozini na inaweza kuuchochea mfumo wa kinga uvishambulie vichujio vya figo, navyo vikaanza kuvujisha protini: mkojo unatoa povu, macho na miguu inavimba. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wa namna hiyo. Wengi walikuwa wakitumia krimu za zebaki, na baadhi walipata nafuu walipoziacha.

Ubongo nao hauponi. Kabla mvuke haujabadilika, hupita kwa urahisi hadi kwenye ubongo, na kwa mjamzito hadi kwa mtoto tumboni. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu mpole anakuwa mwepesi wa hasira. Zebaki inayofika mtoni hubadilishwa na bakteria wa matope kuwa aina nyingine, ile iliyowaumiza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa wao ulipogunduliwa mwaka 1956. Hiyo hupanda kupitia samaki na hulenga zaidi ubongo, si figo.

Povu na uvimbe pia hutokana na kisukari na shinikizo la damu, kwa hiyo dalili peke yake haitoshi kuilaumu zebaki. Inahitaji kipimo cha zebaki kwenye mkojo, na kipimo hicho si cha kawaida: daktari hataagiza asipojua kwamba unachoma dhahabu, unalala karibu na inapochomwa, au unapaka krimu fulani. Mwambie, na kopo la krimu nenda nalo. Zipo dawa za kuinasa zebaki, nazo hufanya kazi kwa salfa ileile inayoivutia, lakini ukirudi kwenye moshi uleule, figo zitaanza kuokota upya.