"Bibi, umeshalipwa": pale mwingine anapochukua ruzuku kwa jina lako

Bibi mmoja kutoka Tandahimba alikuja kwenye dawati letu la msaada wa kisheria akiwa amefunga vitu vyake kwenye pindo la kanga. Alilifungua fundo taratibu: kipande cha karatasi ya daftari chenye namba ya NIDA, kitambulisho cha mlengwa, na simu ya kitochi iliyozungushiwa mpira ili betri isidondoke. Akavipanga mezani kimoja kimoja, ndipo akasema, "Mwanangu, madirisha mawili sasa naambiwa nimeshalipwa. Mimi mkononi sijashika kitu." Dirisha, kwa lugha ya walengwa, ni awamu moja ya malipo ya ruzuku ya kaya masikini.

Anayesikia maneno hayo kwa mara ya kwanza huwaza mambo mawili: ama bibi amesahau, ama wanaolipa wamemdhulumu. Kwa kesi tunazopokea dawatini, mara nyingi si hilo wala lile. Pesa imetoka, imefika, na kuna mtu ameipokea kwa jina la bibi. Kilichoibwa kwanza ni jina, pesa ikafuata.

Kwa wasioufahamu vizuri, Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini unaendeshwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, zinahojiwa, kisha walengwa hulipwa kila baada ya miezi miwili, wengine taslimu, wengine kwa simu au benki. Malipo ya simu yamewaondolea wazee adha kubwa. Hakuna tena kushinda kwenye foleni juani, wala kurudi kitongojini na noti ambazo kila mtu njiani anajua unazo. Sisemi turudi tulikotoka. Ila mwizi naye amehama mlango. Zamani ilimbidi asimame mbele ya kamati ya kijiji inayomjua mwenye jina kwa sura na ukoo. Leo inamtosha kushika laini na kujua namba ya siri.

Huku kwetu kusini, kwenye korosho, mlango huo mara nyingi unaanzia kwenye ncha za vidole. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Mama anayebangua kwa mkono msimu mzima hubaki na vidole vyeusi, vinavyong'aa, mistari imefutika. Nilimwomba bibi yule anionyeshe dole gumba lake. Lilikuwa laini kama kokoto ya pwani. Mashine ya kusajili laini haiwezi kusoma kidole cha namna hiyo, na hapo ndipo mambo mawili hutokea. La kwanza, mjukuu au jirani anasema, "Acha nikusajilie kwa jina langu," na anasema kwa nia njema kabisa. Lakini kuanzia siku hiyo laini inayopokea ruzuku si mali ya mlengwa, na siku wakigombana hana pa kuishika. La pili, wakala asiye mwaminifu anamwambia, "Haijasoma, weka tena." Kumbe ya kwanza ilisoma. Ya pili na ya tatu zinasajili laini nyingine kwa jina la bibi, na laini hizo zinauzwa kwa mtu ambaye bibi hatamwona maishani mwake.

Kwa hiyo nawaomba watoto na wajukuu wanaowasindikiza wazee kusajili laini wayajue haya. NIDA ilichukua alama za vidole vyote kumi, siyo dole gumba peke yake. Kama kimoja hakisomi, omba kijaribiwe kingine, hasa cha mkono ambao haushiki sana kazi. Mzee apumzike kubangua kwa siku kadhaa kabla ya kwenda, kwa sababu ngozi ya ncha za vidole huota upya. Na kila anapoambiwa "weka tena", aonyeshwe kwanza kwamba ya mwanzo imekataa. Mkishatoka hapo, pigeni *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mwenye laini za mitandao miwili afanye hivyo kwenye kila laini. Mkikuta namba msiyoijua, nendeni kwa mtoa huduma wa mtandao huo wiki hiyohiyo ifutwe. Hatusemi ifutwe kwa kuogopa tu. Tapeli akiitumia namba hiyo kuibia watu, mlango wa kwanza kugongwa ni wa yule ambaye jina lake limo kwenye usajili.

Namba ya siri nayo ina maneno. Wazee wengi huweka mwaka wao wa kuzaliwa kwa sababu ndiyo tarakimu nne wasizosahau. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho, mwaka ukitangulia. Maana yake, aliyeshika kivuli cha kitambulisho cha bibi aliyezaliwa 1952 na akaishika pia simu yake, hana cha kubahatisha. Vivuli hivyo tumeviacha kila mahali: kwa mpiga chapa, kwenye chama cha ushirika, kwa mtu wa mkopo, kwa kijana aliyesema anaandikisha majina ya mbolea. Ukilazimika kutoa kivuli, andika juu yake kwa kalamu kimetolewa kwa ajili gani na tarehe gani, mstari ukatize juu ya kitambulisho chenyewe. Kivuli chenye maandishi hayo ni vigumu kukipeleka kwingine.

Wastaafu nao wana mtego wao, na mwenye kuutega anakaa mbali. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, iliundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF. Mwalimu aliyestaafu Masasi akiwa PSPF hulitaja jina la mfuko wake wa zamani mpaka leo, na tapeli anajua kuitumia tofauti hiyo: "Faili lako halikuhamishwa mzee wangu, tunafanya uhakiki, nitajie namba ya NIDA na ya akaunti, utume na hela kidogo ya kufungulia." Uhakiki wa wastaafu upo kweli, ndiyo maana uongo huu unaingia. Usihakikiwe kwenye simu uliyopigiwa. Kata, kisha nenda ofisini au mpigie afisa unayemjua. Anayejidai ni wa kampuni ya simu naye apimwe kwa namba yake: huduma kwa wateja hupiga kwa namba 100, siyo kwa namba ya kawaida ya mtu. Ujumbe wa kitapeli tuma kwenda 15040, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waipate namba iliyoutuma.

Kuna na jina la marehemu. Hili ni gumu kulisema kwenye msiba, lakini lazima lisemwe. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Vijijini tunazika, tunasoma hitima au arobaini, na habari ya cheti inasahaulika. Kwenye vitabu vya serikali mtu yule anaendelea kuishi, laini yake inaendelea kupokea, na aliyebaki na simu anaendelea kutoa. Siku hesabu ikigundulika, mjane ndiye anayeulizwa. Mtoe taarifa kwa mtendaji, mwandikishe kifo, na laini ifungwe.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya dosari, vikundi hewa vikiwemo, ikarejeshwa 2024. Kikundi hewa si lazima kiundwe kwa majina ya kubuni. Kinaweza kuundwa kwa majina ya watu halisi ambao hawajui kama wamo. Mama wa Nachingwea anaweza kugundua kwamba ni mwanachama wa kikundi cha ufugaji kuku siku anapokwenda kuomba mkopo wake wa kweli na kuambiwa anadaiwa.

Nimelitaja hilo kwa sababu watu hudhani hasara ni ile pesa tu. Pesa ya dirisha moja inauma, lakini kinachoumiza zaidi ni rekodi inayobaki. Kitabu kinasema umelipwa, unadaiwa, au una laini tano, na afisa anayekuja kuhakiki kaya anasoma kitabu kabla ya kukusikiliza wewe. Ndiyo sababu siafiki ushauri wa wazee wa "yaishe nyumbani" pale unapotolewa kabla ya kitu chochote kuandikwa. Yaishe, lakini yaandikwe kwanza.

Basi ukiambiwa umeshalipwa na hujalipwa, usiondoke hapo bila kujua mambo matatu: kiasi gani, tarehe gani, na kwenda namba au akaunti ipi. Mwombe anayekuambia akuandikie. Siku hiyohiyo mwone mtendaji wa kijiji au mtaa ukiwa na mtu mmoja unayemwamini, uandike malalamiko na yapigwe mhuri. Andaa nakala mbili, moja ubaki nayo wewe. Kisha malalamiko yaende kwa mratibu wa TASAF aliyeko halmashauri, maana ndiye mwenye uwezo wa kuomba malipo yajayo yazuiwe kwenda kwenye namba ile mpaka ukweli upatikane. Hili la kuzuia ndilo la kuwahi kuliko yote. Pesa iliyokwisha kutolewa kwa wakala hairudi kwa haraka.

Kituo cha polisi utapata RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, na RB haiuzwi. Kwa mtoa huduma wa simu, kama laini iliyotumika imesajiliwa kwa jina lako, wewe ndiye mwenye haki ya kuomba taarifa ya miamala yake hata kama hukuwahi kuishika. Watu wengi hawalijui hili, na ndilo linalofungua kesi nyingi, kwa sababu taarifa hiyo inaonyesha pesa iliingia lini na ilitolewa kwa wakala yupi. Ukihisi mkono wa mtumishi umo, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113 bila malipo.

Sheria haimwonei aibu mwenye kosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya alichojipatia, kipi ni kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Kanuni ya Adhabu nayo inalitambua kosa la kujifanya mtu mwingine kwa nia ya kulaghai, awe hai au marehemu. Na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayokupa haki ya kudai taarifa zako zirekebishwe pale zilipoandikwa vibaya. Taasisi ikikataa, unaweza kuilalamikia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kikwazo kinachochelewesha kesi zetu huku kusini kinanigusa sana, kwa sababu kimetokana na jambo jema. Wengi wetu tulipewa jina jipya jandoni au unyagoni. Kadi ya kliniki ina jina la utotoni, NIDA ina la baada ya unyago, na daftari la kijiji lina jina tunaloitwa mtaani, mama fulani. Ukienda kulalamika unaulizwa, "Huyu aliyelipwa ndiye wewe, au ni mwingine?" Tapeli anaishi kwenye mwanya huo. Usisubiri shida ikukute. Fanya kiapo cha majina mbele ya hakimu au wakili, kieleze kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, ukihifadhi pamoja na kitambulisho.

Kwa bibi wa Tandahimba, taarifa ya miamala ilionyesha pesa iliingia kwenye laini iliyosajiliwa kwa kidole chake, na mara zote mbili ilitolewa jioni ileile kwa wakala wa senta moja, vijiji viwili kutoka kwake. Tulipomsomea jina la senta alinyamaza. Akaanza kuvirudisha vitu kwenye pindo la kanga, kimoja kimoja. Mjukuu wake anaegesha bodaboda pale. Ndiye aliyempeleka kusajili laini, na ndiye aliyewaambia wahusika kwamba namba ya bibi imebadilika. "Huyo ndiye anayenichotea maji," alisema.

Hatukumlazimisha aende mahakamani, na hatukumwambia asiende. Tulichosimamia ni kwamba malipo yazuiwe kwanza, namba ibadilishwe, na kikao cha familia kifanyike mbele ya mtendaji, muhtasari uandikwe, usainiwe, upigwe mhuri. Kijana alikiri na akaandikiana na bibi namna ya kurudisha. Nakala ya muhtasari ilikwenda halmashauri ili kitabu kisomeke kama mambo yalivyokuwa.

Laini mpya ilisajiliwa kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, baada ya vingine sita kukataa. Namba ya siri aliichagua mwenyewe, na kabla ya kuibonyeza alituomba sote tutoke nje, mimi, mtendaji na binti wa duka lililomsajilia laini.