Je, wajua kwa nini saa kuukuu ya gerejini iliuzwa pauni milioni 6.2?

Tarehe 29 Desemba 1996, Waingereza milioni 24.3 walikaa mbele ya televisheni kutazama kipindi kimoja cha vichekesho. Hakuna kichekesho cha televisheni nchini humo kilichowahi kupata watazamaji wengi zaidi. Kipindi chenyewe ni Only Fools and Horses, kilichoandikwa na John Sullivan na kuanza kurushwa na BBC mwaka 1981. Kinahusu ndugu wawili, Del na Rodney Trotter, wachuuzi wa Peckham, London. Kwa miaka yote hiyo Del alikuwa akimwahidi mdogo wake kwamba mwaka kesho wakati kama huu watakuwa mamilionea. Basi siku hiyo mgeni mmoja anayejua vitu vya kale anaona saa iliyolala kwenye gereji yao miaka mingi, katikati ya makorokoro. Wanaipeleka mnadani, na inanunuliwa kwa pauni milioni 6.2.

Kwa nini saa, na wala si pete ya almasi au mchoro wa kale? Saa ile ni ya kubuni, lakini fundi anayetajwa kuwa ndiye aliyeitengeneza alikuwepo kweli: John Harrison, seremala aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1693. Kazi yake ndiyo inayoifanya bei ile iaminike.

Enzi hizo nahodha aliyekuwa katikati ya bahari aliweza kujua yuko kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima kimo cha jua au nyota. Mashariki na magharibi ndiko kulikomshinda. Mwaka 1707 meli 4 za kivita za Uingereza zilizama kwenye miamba ya visiwa vya Scilly, na zaidi ya mabaharia elfu moja wakafa. Mwaka 1714 Bunge likatangaza zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kupima longitudo baharini, yaani chombo kiko mashariki au magharibi kiasi gani.

Jibu lilikuwa ndani ya saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa moja, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Jua linapoonyesha saa sita kamili mchana Dar es Salaam, saa iliyotegwa kwa jua la Greenwich, London, ambako longitudo huanza kuhesabiwa, husoma takriban saa 3 na dakika 23 asubuhi. Tofauti hiyo ya saa 2 na dakika 37 ukiigeuza kuwa nyuzi unapata karibu 39, na hapo ndipo Dar ilipo kwenye ramani. Ugumu ulikuwa kupata saa isiyopotoshwa na mawimbi, joto, baridi na unyevu wa chumvi kwa wiki nyingi mfululizo.

Saa ya kwanza ya Harrison ilikuwa mtambo mzito wa kilo 34 hivi. Ya tatu ilimchukua karibu miaka 19. Ya nne, iliyokamilika 1759, ina upana wa sentimita 13 tu, na kwangu hiyo ndiyo maajabu yenyewe. Mwanawe William aliivusha bahari hadi Jamaika mwaka 1761, na baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde 5. Hata hivyo, wanaastronomia waliopendelea kupima longitudo kwa kutazama mwezi angani, akiwemo Nevil Maskelyne, hawakuridhika. Mzee Harrison alilipwa nusu ya fedha mwaka 1765, na sehemu kubwa ya iliyobaki akaipata 1773, akiwa na miaka 80, baada ya Mfalme George wa Tatu kuingilia kati.

Saa 4 za kwanza ziko Greenwich, na ya tano iko kwenye jumba la makumbusho jijini London. Ndiyo maana Sullivan alipodai kuwa kuna nyingine iliyopotea, hakuwa na haja ya kuwaeleza watu kwa kirefu kwa nini watu wangepigania kuinunua. Kuhusu zile milioni, kipindi kiliporudi Desemba 2001, akina Trotter walikuwa wamezipoteza zote.