Jeraha la pili ni nini?

Katika tiba ya dharura, jeraha la pili ni madhara yanayompata majeruhi baada ya ajali yenyewe kwisha. La kwanza hutokea palepale pikipiki inapodondoka: mfupa unavunjika, ubongo unatikisika, pingili ya shingo inapasuka. Hilo limeshatokea. La pili huja dakika au saa zinazofuata, kwa kukosa hewa, kuvuja damu, uvimbe au ubebaji mbaya, na mara nyingi linaweza kuzuiwa au kupunguzwa na watu waliopo hapohapo barabarani.

Chukua ajali ya bodaboda Barabara ya Mandela, Dar es Salaam. Watu wanajaa mara moja, kwa nia njema kabisa. Mmoja anamshika majeruhi kwapani, mwingine miguuni, wanamwinua. Kiuno kinabonyea katikati, kichwa kinaning'inia, kisha anakunjwa ili aenee kwenye bajaji. Kama pingili ilivunjika bila kuhama, sasa inaweza kuhama na kubana mishipa ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo. Aliyekuwa anachezesha vidole vya miguu anaweza kufika hospitali hasikii kitu kuanzia kifuani kwenda chini. Tena neva za msuli mkuu wa kupumulia hutoka shingoni, usawa wa pingili ya tatu hadi ya tano, kwa hiyo jeraha la huko juu linaweza kuondoka na pumzi.

Ndiyo maana nasisitiza: kama hakuna moto wala magari ya kumpitia, na anapumua, mwacheni alipo. Mtu mmoja apige magoti upande wa kichwani, akishike kichwa kwa viganja viwili jinsi alivyokikuta, asiachie. Shingo ikigoma kunyooka isilazimishwe. Akitapika, ageuzwe ubavu na watu watatu au wanne kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda sawia kama gogo, na aliyeshika kichwa ndiye atoe amri. Helmeti msiivute, fungueni kioo tu, isipokuwa kama inazuia pumzi.

Kwa ubongo, adui mkubwa ni kukosa oksijeni. Aliyezimia akilala chali, ulimi hurudi nyuma na kuziba koo. Utasikia anakoroma, na watu watasema "amelala, mwacheni apumzike." Huko si kulala, njia ya hewa inaziba. Shika pembe za taya chini ya masikio, lisukume mbele bila kukunja shingo. Usimpe maji wala soda. Na yule anayenyanyuka akasema yuko fiti, asiachwe peke yake: fuvu halitanuki, damu ikivujia ndani inaukandamiza ubongo taratibu. Kichwa kuzidi kuuma, kutapika, kusinzia ovyo au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, hospitali haraka.

Kifuani, mbavu iliyovunjika inaweza kutoboa pafu. Anayehema kwa shida akiwa na fahamu mwacheni akae mkao unaompa nafuu, ila kama mnashuku shingo au mgongo msimwinue wala kumkunja.

Mfupa wa paja ukivunjika unaweza kuvujisha lita nzima ya damu au zaidi ndani ya nyama, nje usione hata tone. Usiukande, usiuvute. Funga mguu na mbao au katoni ngumu kwa kanga, juu na chini ya palipovunjika, halafu gusa vidole: vikiwa vya baridi au vina ganzi, legeza.

Piga 112. Muhimbili kuna MOI, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya majeruhi wa mifupa, mgongo na kichwa, lakini anayepumua kwa shida apelekwe kwanza hospitali iliyo karibu: Temeke, Amana au Mwananyamala. Atakayemsindikiza amweleze muuguzi ajali ilitokea saa ngapi, kama majeruhi alizimia, na kama alikuwa akichezesha miguu kabla hajabebwa.