Viungo vya mbao: pale ambapo chuma kingi hakisaidii

"Chuma kikizidi, kiungo kinakuwa imara zaidi." Imani hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Tazama kenchi inavyoundwa: kiungo kikimtia fundi shaka, anaongeza misumari, wa tano, wa sita, karibu kabisa na ncha ya ubao. Ukitega sikio utasikia mlio mdogo, "tak". Ufa mwembamba kama unywele umeshafuata nyuzi za mbao kutoka msumari hadi msumari, na bati likishapigwa hakuna atakayeuona tena.

Ukweli ni kwamba kila msumari ni kabari. Kwa msumari wa inchi nne, wenye unene wa milimita 4 hivi, kanuni za Ulaya zinataka milimita 60 kutoka ncha ya ubao laini (kama wa msonobari) unaovutwa, kama hukutoboa kwanza. Mbao ngumu itobolewe kabla.

Daraja la Tretten, Norwei, lilifunguliwa 2012. Viungo vyake vilikuwa mabamba ya chuma yaliyochomekwa ndani ya mbao na kushikwa kwa pini. Agosti 15, 2022 lilianguka, lori na gari dogo vikiwa juu yake. Madereva wote wawili waliokolewa. Uchunguzi uliikuta hitilafu kwenye mbao: pande zima lililobeba kundi la pini lilichanika kwa pamoja.

"Hesabu ikikubali, yamekwisha." Hapana. Kanuni aliyoitoa mhandisi Johansen wa Denmaki mwaka 1949, inayotumika hadi leo, inauliza mambo mawili: mbao itabonyea lini chini ya pini, na pini itapinda lini. Ni kanuni nzuri sana, lakini kuchanika haikuoni. Hilo lazima lihesabiwe peke yake.

"Kupima ni kuvuta mpaka kikatike." Maabara huvuta kiungo hadi asilimia 40 ya mzigo unaokadiriwa kukishinda, husubiri sekunde 30, hushusha hadi asilimia 10, husubiri tena, ndipo hupandisha mpaka kishindwe au kiteleze milimita 15. Ule mshuko wa katikati huonyesha ulegevu wa matundu na ugumu halisi wa kiungo, na bila namba hizo modeli ya kompyuta inayokadiria tabia ya kiungo inabahatisha tu. Mimi hupenda kiungo kinachopinda kwanza, kwa sababu kinampa aliye chini nafasi ya kukimbia.

Mbao mbichi? Ikikauka husinyaa, na msumari hulegea.

"Chuma hakiungui, kwa hiyo ndicho kinachoilinda mbao na moto." Ni kinyume chake. Chuma kikifika nyuzi 600 za Selsiasi hubaki na takriban nusu ya nguvu zake, lakini mbao laini huungua polepole, kiasi cha milimita 0.7 kwa dakika, na mkaa wake hukinga kilicho ndani. Ndiyo maana katika Mjøstårnet, jengo la mbao la ghorofa 18 huko Brumunddal, Norwei, mabamba ya chuma yamefichwa ndani kabisa ya mbao.