Hisia katika picha za ufukweni: dhana potofu na ukweli

Uganda haina bahari, kwa hiyo mchoraji wetu anayetaka mandhari ya ufukwe hufungua rangi zake Entebbe, Ggaba au kwenye visiwa vya Ssese, akilikabili Ziwa Victoria. Hata hivyo, dhana zinazomharibia kazi ni zilezile zinazowasumbua wachoraji wa pwani.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba hisia ya picha huletwa na rangi kali: jua la chungwa, anga jekundu, maji ya buluu iliyokolea. Ukweli ni kwamba uwiano wa mwanga na giza ndio unaobeba mzigo mkubwa. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora bandari ya Le Havre, Ufaransa, mwaka 1872, na picha hiyo ikaonyeshwa Paris mwaka 1874. Jua lake dogo la chungwa huonekana likiwaka ndani ya ukungu wa kijivu, lakini ukiigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe, jua hilo karibu litoweke, kwa kuwa mwangaza wake unakaribiana sana na ule wa anga linalolizunguka. Jicho huitambua rangi bila kupata tofauti ya mwangaza ya kulikita jua mahali pake, na ndiyo sababu linaonekana kama linatetemeka. Yeyote mwenye simu anaweza kuipima picha yake mwenyewe kwa njia hiyo, na mara nyingi atagundua kwamba machweo yake ya kupendeza ni kijivu kitupu kisicho na umbo.

Wengine huamini kwamba kisiwa cha mbali kinapaswa kuchorwa kwa ukali uleule wa mtumbwi ulio karibu, ili kionekane vizuri. Lakini hewa yenye mvuke hutawanya mwanga, hivyo vitu vya mbali hufifia, kingo zake hulainika na rangi yake huegemea buluu, jambo ambalo Leonardo da Vinci, msanii wa Italia wa karne ya 15, aliliandikia tangu zama zake. Kanuni hii nayo isifuatwe kwa upofu: mvua ikishasafisha hewa, visiwa husogea karibu ghafla, na mchoraji mwaminifu huchora anachokiona.

Dhana nyingine ni kwamba maji lazima yachorwe kwa buluu; tazama mtumbwi uliotulia. Maji huakisi anga na vilivyo juu yake. Taswira ya mtumbwi mweusi majini kwa kawaida huwa nyepesi kidogo kuliko mtumbwi wenyewe, na ya mtumbwi mweupe huwa nzito kidogo. Mawingu ya dhoruba nayo hayahitaji rangi nyeusi ya kopo. Buluu nzito ikichanganywa na kahawia hutoa kijivu chenye uhai zaidi.

Mwisho ni hadithi kwamba mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner alifungwa kwenye mlingoti wa meli ili aweze kuchora picha yake ya dhoruba ya mwaka 1842. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Kilicho thabiti ni madaftari yake ya michoro, karibu 300, ambayo aliyajaza safarini na kuyatumia baadaye akiwa ndani ya chumba chake cha kazi.