Usrmerge: kwa nini /bin siku hizi ni mshale tu

Kwenye kompyuta ya Linux ya miaka ya karibuni, andika `ls -ld /bin /lib` kisha tazama mwisho wa mstari. Utaona `/bin -> usr/bin`. Maana yake /bin si saraka tena, ni kiungo: jina lililobaki pale ili kila anayeliita apelekwe kwenye saraka nyingine. Kuitoa distro (toleo kamili la Linux, kama Fedora, Debian au Arch) kwenye mpangilio wa zamani, wenye saraka mbili mbili za kazi moja, na kuiingiza kwenye huu ambao kila kitu cha mfumo kinakaa ndani ya /usr, ndiko kunakoitwa usrmerge. Watu wa Fedora walikuita UsrMove.

Saraka mbili zilitoka wapi? Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakiendesha Unix, mfumo wao wa uendeshaji, kwenye kompyuta ya PDP-11 yenye diski ndogo mno. Mafaili ya watumiaji yalikaa chini ya /usr, kwenye diski ya pili, na mfumo ulipokua ukaijaza diski ya kwanza, programu zilizozidi zikasukumiwa huko huko. Basi kukawa na /bin na /usr/bin za programu, /lib na /usr/lib za maktaba zake. Hoja ya kitaalamu ilikuja baadaye: kwamba /bin ni ya vifaa vya dharura, vinavyohitajika kabla /usr haijapachikwa, yaani kabla diski yake haijaunganishwa kwenye mfumo.

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Siku hizi, kompyuta inapowaka, kazi ya kutafuta diski na kupachika /usr hufanywa na initramfs, mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kiini (kernel). Mfumo wenyewe unapoanza, /usr tayari ipo. Mpaka kati ya /bin na /usr/bin ukabaki wa jina tu, na hata hapo kila distro iliuchora inavyotaka. Skripti iliyoanza na `#!/usr/bin/bash` ilifanya kazi kwenye mfumo uliounganishwa, ikagoma kwenye Debian ya zamani, ambako bash, programu inayosoma skripti hiyo, ilikuwa /bin/bash peke yake.

Faida ninayoiona kubwa kuliko zote si usafi wa macho. Ni kwamba vyote vinavyoletwa na distro vinakuwa chini ya saraka moja, huku mipangilio yako ikibaki /etc na data zako /var. Unaweza kuipachika /usr kwa kusomwa tu, ukapiga picha ya hali yake kabla ya kusasisha, au ukaibadilisha yote kwa mkupuo.

Uhamisho wenyewe, kwa maelezo, ni mambo matatu: nakili vya /bin, /sbin (programu za msimamizi wa mfumo) na /lib kwenda ndani ya /usr, ondoa saraka za zamani, weka viungo. Usijaribu kwa mkono. Kwenye mashine za kawaida za biti 64, karibu kila programu imeandikwa ndani yake kwamba kipakiaji chake, yaani programu ndogo inayoiunganisha na maktaba zake inapoanza, kiko `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`. Ukishaihamisha /lib64 kwa `mv`, hakuna amri ya kawaida itakayofunguka tena, hata `ln` uliyotaka kuitumia kuweka kiungo. Kibaya zaidi, mfumo utakwambia faili la `ln` halipo, ilhali unajua lipo. Kinachokosekana ni kipakiaji. Hapo utaokolewa, kwa mfano, na busybox (programu moja yenye amri nyingi za msingi) iliyojengwa bila kutegemea maktaba za nje, au kwa kuwasha kompyuta kwa flashi. Ndiyo maana Fedora 17, mwaka 2012, iliweka kazi hiyo ndani ya initramfs, wakati mfumo wenyewe haujaamka. Arch ilimaliza mwaka 2013.

Jambo dogo ambalo wengi hulipita: kiungo huandikwa `usr/bin`, bila mkwaju mbele. Kingeandikwa `/usr/bin`, basi ukipachika diski ya mashine iliyoharibika kwenye /mnt ili uitengeneze, /mnt/bin ingekupeleka kwenye programu za mashine yako mwenyewe.

Debian ndiyo iliyosota. Kuweka viungo haikuwa shida. Kifurushi cha usrmerge kiliifanya kazi hiyo vizuri. Shida ilikuwa dpkg, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, ambayo huweka orodha ya kila faili na kifurushi chenye faili hilo, kwa jina la njia kama lilivyoandikwa kwenye kifurushi. Kwake, /lib/x na /usr/lib/x ni vitu viwili. Ni kama karani wa ardhi mwenye daftari lenye viwanja viwili, kumbe ni kiwanja kimoja chenye majina mawili. Kwenye Debian 12 bado ungeweza kuuliza `dpkg -S /usr/bin/bash` ukajibiwa haijulikani, huku `dpkg -S /bin/bash` ikijibu vizuri.

Sasa tuseme faili liko kwenye kifurushi A kama /lib/x, na toleo jipya linalihamishia kifurushi B kama /usr/lib/x. dpkg inafungua B, faili linaandikwa. Kisha inasasisha A, inaona /lib/x haimo tena kwenye A, inalifuta. Lakini /lib ni kiungo cha kwenda /usr/lib, kwa hiyo imelifuta lile jipya la B. Hakuna onyo wala kosa. Unakuja kugundua baadaye, programu inapogoma.

Kamati ya Kiufundi ya Debian iliamua mwaka 2021 kwamba toleo la 12 litakubali mpangilio uliounganishwa tu, lakini wenye vifurushi wakazuiwa kuhamisha mafaili kati ya njia hizo mbili mpaka hatari hiyo ipatiwe dawa. Uchambuzi mrefu wa Helmut Grohne, unaojulikana kama DEP-17, ulipanga namna ya kuvihamisha vifurushi bila kupoteza mafaili, na kazi hiyo ikafanyika katika safari ya kwenda Debian 13, iliyotoka mwaka 2025. Kwa maoni yangu walianzia mwishoni: daftari lilipaswa kurekebishwa kabla ya viungo kuwekwa. Wengine Debian walisema hivyo hivyo mapema, na mabishano yalikuwa makali.

Fedora wao wamekwishasonga mbele. Tangu toleo la 42, mwaka 2025, hata /usr/sbin inaunganishwa na /usr/bin.

Kama una seva ya Debian 11 iliyokuwa ikisasishwa tangu enzi za nyuma, kupanda kwenda 12 kutaivuta usrmerge yenyewe. Ikikuta faili lenye jina moja pande zote mbili na yaliyomo ni tofauti, itasimama na kukutajia. Mara nyingi ni kitu kilichowekwa kwa mkono na fundi aliyekutangulia. Linganisha yote mawili, toa lisilohitajika, endesha tena.